Waya Wenye Moyo wa Katani

Jumapili, 9 Februari

Jua. Magogo hakuna. Waya mzima. Ajali hakuna.

Marta mke wangu ananicheka kwamba bado naandika hivi. Acha acheke. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa opereta wa winchi ya kuvutia magogo kwenye kiwanda cha mbao huku juu ya Magamba, na kila jioni kabla ya kuteremka nilijaza daftari la kampuni: hali ya hewa, magogo mangapi, waya ukoje, ajali na sababu yake. Safu ile ya nne niliijaza neno moja tu miaka yote: hakuna. Kiwanda kilipofungwa, pesa ya kiinua mgongo haikuwepo. Wakaniambia, mzee Kristian, chukua hilo roli la waya lililobaki stoo. Nikachukua. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu, mwenzao kastaafu kalipwa waya! Huu mwaka wa kumi na moja upo bandani kwangu, umelala ndani ya grisi, hauna doa.

Leo baada ya ibada Alen amefika kutoka Tanga. Ni mwanangu wa kiume pekee. Alimtumikia Mholanzi mmoja miaka minane kwenye boti ndogo ya matanga, na Mholanzi alipokuwa anarudi kwao akamwachia boti yote na karatasi zake. Alen akaiita Mkulo, jina la mti wa kwetu. Sasa ndiyo kazi yake, anatembeza wageni baharini. Mshambaa na maji ya chumvi wapi na wapi, lakini ndivyo alivyochagua.

Amekuja na karatasi. Mlingoti wa boti unashikiliwa na nyaya nane: mmoja mbele, mmoja nyuma, tatu kila ubavu. Bila hizo, mlingoti ni fimbo tu iliyosimikwa. Fundi wa boti wa huko Tanga, jina lake Suleimani, amezikagua, kasema zimechoka zote, zibadilishwe zote kabla ya msimu wa wageni mwezi wa sita. Nikasoma jumla pale chini. Milioni nne na laki sita.

Nikamuuliza, "Hiyo boti yenyewe uliinunua bei gani?"

"Nilipewa bure, tate."

"Ndiyo hiyo bure yako sasa."

Jumatatu, 10 Februari

Jua. Magogo hakuna. Waya mzima. Ajali hakuna.

Tumekosana mezani. Marta kasema, "Si tuuze misindano?"

Misindano ile hamsini iliyo chini ya nyumba niliipanda mwaka Alen alipopata kipaimara. Sasa imekomaa, na Ramadhani, yule mnunuzi wa mbao wa mjini Lushoto, ameshakuja mara mbili. Anatoa milioni nne na nusu taslimu. Marta anaona hesabu imekaa sawa: miti itoke, nyaya ziingie. Nikamwambia ile si miti, ile ni nyumba ya Alen. Nyumba gani, akaniuliza. Nyumba atakayojenga hapa siku akichoka na hayo maji.

"Na asipochoka?"

"Atachoka."

Alen alikuwa anaangalia sahani yake muda wote. Kijana wa watu ana adabu, hilo Tanga haijamwondolea.

Alhamisi, 13 Februari

Mawingu. Magogo hakuna. Waya mzima. Ajali hakuna.

Nimelala na lile jambo siku tatu, leo limenijia nikiwa nakamua ng'ombe. Nikacheka peke yangu mpaka ng'ombe akanipiga mkia. Milioni nne na laki sita za waya, na mimi nimekaa juu ya waya!

Nikamwita Alen bandani. Nikafunua turubai. Nikapitisha kitambaa cha pamba juu ya waya pima mbili, tatu, kama tulivyokuwa tunafanya kiwandani. Waya uliochoka una vinywele vya chuma vilivyokatika, vitanasa kitambaa. Hakikunasa hata mara moja. Kisha nikakata kipande, nikafungua misokoto nikamwonyesha katikati. Chuma nje, kamba ya katani ndani.

"Unaona? Huu una moyo. Katani inakunywa mafuta, na mafuta yanalisha chuma kutoka ndani. Ndiyo maana umekaa miaka kumi na moja haujazeeka. Nitakusukia nyaya zako zote nane kwa mkono wangu. Hutatoa hata senti."

Akaushika ule moyo wa katani kwa vidole akawa anausugua. Kisha akasema taratibu, "Tate, fundi Suleimani alisema waya wa baharini hauna kamba ndani. Ni chuma kitupu, cha stenlesi."

"Suleimani amevuta magogo mangapi?"

Akakirudisha kile kipande juu ya roli.

"Huu umevuta mkulo wa tani sita kutoka korongoni, mvua inanyesha. Hicho kijiti chako kina tani ngapi? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Alen."

"Sawa, tate."

Akainamisha kichwa. Nikaona amefurahi.

Jumamosi, 22 Februari

Jua. Alen amerudi Tanga, ameniachia vipimo vya kila waya kwenye karatasi. Nimeanza kusuka.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza, kidogo. Waya: wa tatu umekwisha.

Mikono imekumbuka yenyewe. Kuukunja waya uwe kitanzi, kuchomeka kila msokoto chini ya mwenzake, kuvuta, kupiga nyundo, kuchomeka tena. Vijana wa siku hizi wanabana kwa klampu na spana. Kitanzi cha kusuka hakifunguki hata uvute mlima. Marta kaniletea chai bandani, kasimama mlangoni kunitazama. Kasema sijawahi kuonekana hivi tangu kiwanda kifungwe. Nikamuuliza hivi vipi. Kasema, "Kama mtu mwenye kazi."

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Nyaya nane zimekwisha. Nimezipaka grisi safu mbili.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua kubwa. Magogo hakuna. Nyaya nane zimeondoka. Ajali hakuna.

Alen alipanda jana, leo alfajiri kateremka nazo ndani ya viroba viwili. Nilimsindikiza hadi stendi. Kondakta kataka kutoza mzigo, nikamwambia hivyo viroba vina kazi ya miaka thelathini na mmoja, andika bei unayoona inafaa. Akatuachia. Alen akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia zaidi ya kawaida.

"Asante, tate."

"Asante ya nini? Ziweke tu, kaza vizuri. Mwezi wa nane nikishavuna viazi nitashuka kuziona."

"Utakuja kweli?"

Miaka sitini na nane sijawahi kuiona bahari. Nimefika Mombo, nimefika Korogwe, kila mara napata sababu ya kurudi. Nikamwambia nitakuja.

Jumapili, 30 Machi

Mvua. Alen kapiga simu baada ya ibada. Ameshazifunga zote. Nikamuuliza, "Nyaya zangu zinashika?"

"Zinashika, tate."

Nikawaambia wazee wenzangu nje ya kanisa. Nimewalipa kicheko chao cha miaka kumi na moja.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Zinashika.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua siku ya tisa mfululizo. Udongo umeporomoka chini ya Soni, barabara imefungwa, kabichi za watu zinaoza kwenye magari. Ajali hakuna, Mungu mkubwa.

Alen kapiga. Nikamuuliza kama kawaida. Kasema, "Zinashika, tate, ila zinatoa machozi."

"Machozi gani?"

"Mekundu. Yanatiririka kutoka ndani ya waya, yanachafua boti nyeupe."

Nikamwambia hiyo ni kutu ya juu juu, kwa kuwa alizifunga zikiwa na maji ya mvua. Apake grisi. Grisi inatibu kila kitu kwenye waya. Kasema amepaka. Nikamwambia apake tena. Kasema sawa, tate.

Marta alikuwa amesimama karibu anasikiliza. Kauliza, "Machozi ya kutoka ndani?" Nikamwambia asiingilie mambo ya winchi.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Mvua. Alen hakuja. Barabara imefunguliwa tangu Alhamisi, wenzake wote wamepanda, yeye hakuja. Kasema ana kazi ya boti. Simu yake nzuri haipatikani, kapiga kwa kitochi cha kuazima. Ile nyingine iko wapi? "Sinayo tena, tate." Nikamuuliza, zinashika? Kasema zinashika.

Marta kapika wali na kuku, tumekula wawili.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Maharage yanaota vizuri. Sina la kuandika.

Jumapili, 4 Mei

Mvua nyepesi. Waya sijui.

Sijui kwa sababu leo tumegombana kabla sijauliza. Nimesikia kanisani kwamba Alen ameuza pikipiki. Ile pikipiki mpya, aliyoilipa kwa jasho la misimu miwili! Nikampigia mwenyewe, nikamuuliza ni kweli? Ni kweli. Pesa imekwenda wapi? Kwenye boti.

"Boti gani tena? Si nimekupa nyaya bure? Boti ina shida gani nyingine?"

Kasema, "Kuna vitu vidogo vidogo, tate."

Vitu vidogo vidogo! Milioni na nusu! Huyu mtoto mji unamla. Ndiyo Tanga hiyo, leo simu, kesho pikipiki, keshokutwa atakuja kuniomba misindano. Nilimwambia hivyo hivyo. Alisema samahani. Nikakata simu.

Marta hajaniongelesha tangu mchana. Ameketi jikoni anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Jumapili, 11 Mei

Mawingu. Hakupiga. Mimi pia sikupiga.

Jumapili, 18 Mei

Mvua kidogo, jua kidogo. Magogo hakuna. Ajali hakuna.

Kapiga. Sauti yake nyepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Kanisalimu shikamoo mara mbili, nami nikasahau hasira. Nikamuuliza, "Haya, nyaya zangu zinashika?"

Kasema, "Waya wako unashika, tate."

Nikamwambia, sema zinashika, ziko nane. Kacheka. Kasema tena, "Wako unashika."

Sisi tulifundishwa na mwalimu aliyekuwa anachapa kwa umoja na wingi. Ukisema "nyaya unashika" unakula viboko viwili. Sasa huyu amesoma mpaka kidato cha nne na Kiswahili kimemshinda, kwa sababu ya kukaa na watu wa pwani wanaojua kupindapinda maneno. Lakini alikuwa anacheka. Muda mrefu sijamsikia anacheka.

Jumapili, 25 Mei

Jua. "Unashika, tate." Nimechoka kumsahihisha.

Jumapili, 8 Juni

Ukungu asubuhi, baridi imeanza. Alen ameanza kupata wageni. Wiki hii amewatoa mara nne. Anasema Mkulo inakimbia, mlingoti umesimama imara kuliko wakati wa Mholanzi. Nikamwambia sasa umeona? Kasema, "Nimeona, tate."

Nilitembea siku nzima kifua mbele. Ramadhani kaja kuulizia misindano, nikamwambia mwanangu hahitaji pesa yako.

Jumapili, 15 Juni

Ukungu. Unashika.

Jumapili, 22 Juni

Ukungu. Unashika. Marta ana kifua, nimemchemshia majani.

Jumapili, 29 Juni

Ukungu mzito, sijaliona kanisa mpaka nilipofika mlangoni. Alen kasema pepo za kusini zimekuwa kali. Nikamuuliza waya unashika? Mimi mwenyewe nimeuliza kwa umoja, ameniambukiza. "Unashika. Ukija mwezi wa nane utauona, tate. Kuna jambo nataka nikueleze tukiwa wawili."

Nikamwambia nieleze sasa hivi. Kasema hapana, ni la kuonyeshana kwa mkono. Nadhani ni mchumba. Nimemwambia Marta, katikisa kichwa tu akaangalia pembeni.

Jumapili, 6 Julai

Baridi. Nimenunua viatu vya kushukia Tanga pale gulio la Mlola. Muuzaji kaniuliza naenda harusini? Nikamwambia naenda kukagua kazi yangu.

Jumatano, 16 Julai

Ukungu.

Simu imeita saa nane mchana. Siyo siku ya Alen kupiga, na namba siijui. Sauti ya mtu mzima. "Naongea na mzee Kristian? Shikamoo mzee. Mimi Suleimani, fundi boti, Tanga." Nikaitikia marahaba. Nikasikia upepo kwenye simu, na watu wanaongea nyuma. Nikamuuliza, waya?

Akasema, "Wa mbele, mzee."

Jumatatu, 21 Julai

Naandika ili mkono ufanye kitu.

Waya wa mbele ulikatika. Ukikatika wa mbele, mlingoti unalala nyuma, na nyuma ndiko anakokaa mshika usukani. Wageni wawili walikuwa wameketi mbele, hawakupata hata mkwaruzo. Alen hakufika hospitali.

Walimleta Ijumaa. Tulimzika Jumamosi, chini ya nyumba, juu kidogo ya misindano. Mchungaji alisema Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Watu wakaitikia. Mimi sikuitikia. Nilikuwa nahesabu. Waya wenye unene ule, mzima, kwa mlingoti ule, hauwezi kukatika. Nilirudia hesabu mara tano pale pale kaburini. Nikaona labda Suleimani ameharibu kitu. Labda ameulegeza, labda ameukata ili apate biashara ya waya wake wa stenlesi. Niliwaza hivyo wakati wanamfukia mwanangu, na ninaandika ili nijue niliwaza hivyo.

Alhamisi, 24 Julai

Ukungu na manyunyu. Watu bado wanakuja kutoa pole. Wanaingia, wanakaa, wanakunywa chai, wanaondoka. Jirani mmoja wa wale waliocheka amelia kuliko mimi.

Jumamosi, 26 Julai

Ukungu.

Leo Suleimani amekuja. Nilimtarajia mtu mkubwa, mwenye maneno. Ni mtu mdogo, mwembamba, kofia ya mkono kichwani, anatetemeka kwa baridi ya huku kwetu. Ana kiroba mkononi. Kanipa shikamoo, kampa Marta pole, kakataa kiti kizuri. Marta kampa blanketi.

Nikamwambia twende bandani. Nilikuwa nimejiandaa kumshtaki. Nilikuwa na maneno yangu kamili.

Akafungua kiroba. Kuna pima moja ya waya wangu, ncha moja ina kitanzi changu, nilichosuka mwenyewe mwezi wa tatu. Kitanzi kizima. Ncha nyingine imekatika kama ufagio. Nikamwambia, "Lete na hizo saba nilinganishe."

"Hizo saba zipo kwangu, mzee. Nilizitoa mimi."

"Ulizitoa lini?"

"Mbili mwezi wa nne, alipouza simu. Tano mwezi wa tano, alipouza pikipiki. Nilimpa stenlesi kwa bei niliyonunulia, wala sikuweka faida. Mzee wangu, zilikuwa zinalia kutu kutoka ndani kila siku. Yeye mwenyewe aliona."

Nikakaa juu ya roli. Lile roli lililobaki.

"Na wa mbele?"

"Wa mbele ndio mrefu, ndio ghali kuliko zote. Pesa ilimwishia. Lakini nisikufiche, nilimwambia nitamkopesha, akakataa. Nilimwambia mara tatu. Mara ya mwisho tuligombana." Akavuta blanketi mabegani. "Alisema, 'Baba anakuja mwezi wa nane. Nikizitoa zote atakuta waya wa dukani mtupu, utamvunja moyo. Acha akute wake mmoja. Tutautoa pamoja, nimfungulie, nimwonyeshe ndani, ataelewa, baba anajua waya.' Halafu akasema, 'Na kila Jumapili ananiuliza kama zinashika. Siwezi kumdanganya baba yangu Jumapili. Ukibaki mmoja, namwambia unashika, na ni kweli.'"

Mvua ilikuwa inagonga bati.

Nikachukua ile ncha, nikachukua msumari wangu wa kusukia, nikafungua misokoto. Nje bado kuna grisi. Grisi nzuri, ya safu mbili. Ndani katani imekuwa nyeusi, imevimba, imelowa. Siku kumi ndani ya kiroba na bado imelowa. Chuma kilichogusana nayo kimekwisha, kinamomonyoka kama majani ya chai. Katani inakunywa. Mimi mwenyewe nilimwambia inakunywa. Huku kwetu ilikunywa mafuta niliyoipa. Kule ilikunywa ilichopewa, maji ya chumvi, na grisi yangu ya nje ikazuia yasitoke.

Nikainusa. Ina harufu ambayo siijui, ya chumvi na kitu kilichooza.

Nikamuuliza Suleimani, "Hivi ndivyo bahari inavyonuka?"

"Ndivyo, mzee."

Ndiyo mara yangu ya kwanza.

Jumapili, 27 Julai

Ukungu. Sikwenda kanisani. Suleimani kaondoka na gari la asubuhi. Alitaka kuniachia kile kipande, kisha akaona ni vibaya, akataka kukichukua. Nikamwambia kiache.

Nimemuuliza Marta kama alijua. Nilimuuliza kwa Kishambaa, ili asiweze kunijibu kwa adabu. Kajibu kwa Kiswahili.

"Nilijua. Aliniambia kwa simu siku ya Pasaka."

"Mbona hukuniambia?"

Akaendelea kukoroga uji. "Nilikuuliza kuhusu yale machozi, ukanijibu nini?"

Nakumbuka nilichomjibu. Kimeandikwa humu, tarehe kumi na tatu Aprili. Nimekwenda kukisoma.

Jumatano, 30 Julai

Baridi. Nimesoma daftari lote tangu mwanzo. Niliandika kwamba alifurahi. Niliandika kwamba mji unamla. Niliandika asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia la mkuu. Angekuwa mkaidi kidogo tu, kama nilivyokuwa mimi kwa baba yangu, angekuwa hai.

Jumamosi, 2 Agosti

Ukungu. Ramadhani amekuja tena. Alianza na pole, akakaa, akanywa chai, akazunguka zunguka, mwisho akasema mbao zimepanda, sasa anaweza kufika milioni tano. Si mtu mbaya, ni kazi yake. Nikamwambia misindano haiuzwi. Kisha nikamwambia inauzwa, achukue yote, aondoe hata visiki. Alipokuwa anasimama nikamwambia arudi siku nyingine.

Milioni tano. Waya wa mbele peke yake, Suleimani alinitajia, ulikuwa laki tisa.

Viazi vimekomaa. Huu ndio mwezi niliosema nitashuka.

Jumapili, 3 Agosti

Saa saba mchana, wakati watu wanarudi kutoka ibadani, nimekaa kibarazani na simu mkononi. Marta ameniona, hakuniuliza. Amekuja akakaa karibu yangu, tukakaa mpaka saa tisa. Haikuita.

Nimeingia ndani nimetafuta daftari la zamani la kampuni, nione ile safu ya nne inaandikwaje, maana sikuwahi kuandika humo zaidi ya "hakuna". Inaanza na idadi, kisha jina, kisha umri, kisha sababu. Sababu iwe fupi na ya kweli, ndivyo ilivyochapishwa juu ya ukurasa.

Ukungu. Magogo hakuna. Waya umekatika.

Ajali: mtu mmoja. Alen Kristian. Miaka thelathini na minne.

Sababu: opereta. Aliambiwa "unashika", akasahihisha umoja na wingi.